Nzilani Ashuke Kwanza

Kathonzweni,
12 Februari 2024

Kwa Mama Kathini,

Nakuamkia mama, kwa heshima yote inayonipasa nikiwa mkweo. Hapa kwetu jua limekaza, lakini ndengu tulizovuna baada ya zile mvua kubwa bado zipo, na hatujalala njaa. Kanini amekuwa mrefu kuliko mama yake. Ukimwona utamwita shangazi.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Kuna mfanyabiashara pale Emali anaitwa Gachanja, mtu wa kutoka Murang'a ambaye ameishi kando ya barabara ya Mombasa mpaka siku hizi anaongea Kikamba kuliko mimi. Anauza four-wheel moja iliyotumika sana. Mita inasoma zaidi ya kilomita laki nne. Aliniambia mwenyewe bila kuficha, na akaongeza kwamba nikitaka, fundi wake anaweza kuirudisha nyuma ikasoma kama gari changa. Nikamwambia aiache. Kama nitanunua kitu kizee, nataka nijue ni kizee.

Nalitaka la kubebea maembe na ndengu. Barabara zetu unazijua, na gari dogo haliwezi kuvuka mchanga wa mto Athi kuja huko kwenu. Marehemu baba Mwangangi aliendesha magari ya idara ya maji miaka mingi, na Nzilani huniambia kwamba nyumbani kwenu watoto walijua sauti ya gia kabla ya kujua nyimbo za Sunday school. Ndiyo maana nauliza kwako. Nilinunue au niliache?

Watu huniambia nikupigie simu tu. Nimeshindwa, mama. Nimeona barua ni heshima zaidi.

Nzilani anakusalimu. Amepungua kidogo, ni hili jua.

Mkweo,
Musyimi


Kanyangi, Kitui
20 Februari 2024

Baba Kanini,

Umefanya vyema kutopiga simu. Mkwe akiongea ndani ya sikio langu ni kama ameingia jikoni bila hodi. Pasta wetu anasema haya mambo ya nthoni, ya mkwe na mama mkwe kukimbiana, ni ya zamani na tuyaache. Mimi humwitikia amina. Halafu nikisikia tu kwamba umeonekana sokoni Kanyangi, miguu yangu inaingia kichakani yenyewe. Tangu ulipomwoa Nzilani nimeona kisogo chako tu, na ni kisogo kizuri.

Sasa gari. Mzee Mwangangi hakuwa anaogopa namba ya kilomita. Alikuwa anaogopa gari lililokaa chini ya mti miaka mingi likilaliwa na kuku. Mwambie huyo Gachanja aliwashe likiwa baridi, asubuhi, kabla hajapata nafasi ya kulipasha moto kukungojea. Inua mazulia uangalie kama kuna matope ya mafuriko. Lipeleke kwenye mchanga, uweke ile gia ndogo, uone kama magurudumu yote yanavuta au ni mawili yanafanya kazi na mengine yanasindikiza. Kama yanavuta, nunua, na uombe Mungu.

Nikwambie kitu ucheke. Mama yangu mzazi aliugua tukiwa tumeoana na mzee karibuni, na hakukuwa na gari lingine isipokuwa la idara. Mzee akakubali kumpeleka hospitali. Mama akaketi kiti cha nyuma, akafungua mwavuli ndani ya gari, akajifunika nao kichwa mpaka mabega. Mzee naye akakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa, ili asimwone hata kwa bahati mbaya. Wakafika Kitui mjini hivyo hivyo. Daktari alidhani mgonjwa anaumwa na macho.

Mwambie Nzilani aache kazi za jua kali. Na anipigie. Ni muda sijasikia sauti yake.

Kathini, mama yake Nzilani


Kathonzweni,
1 Machi

Baba Kanini,

Umeenda kunywesha ng'ombe nami nimekaa hapa mlangoni na daftari la Kanini. Naandika kwa sababu unavyojua sauti imebaki ya kunong'ona, na hata hiyo inanichoma. Halafu ukiniona najaribu kuongea unageuza uso, na mimi sitaki ugeuze uso tena.

Nunua hilo gari. Usiniambie habari za maembe. Mama unaweza kumwambia maembe, mimi hapana. Daktari alisema tukiwa wote wawili kwamba kidonda cha koo kimeshuka mahali ambapo hakiwezi kukatwa. Kilichobaki ni dawa ya maumivu na kupumzika. Sitaki kupumzika kabla sijafika kwa mama. Nataka anione nikiwa bado natembea, au hata kama sitembei, nikiwa bado namjua.

Usimwambie kwamba ninaumwa. Unakumbuka baba alipofariki, habari ilimfikia kwa simu akaanguka pale sokoni, na presha haijamwacha mpaka leo. Akisikia hivi akiwa peke yake Kanyangi tutazika wawili. Nataka nifike, nimshike mikono, ndipo ajue. Mikono yangu itamweleza vizuri kuliko barua.

Najua kazi ninayokupa ya kumdanganya mama mkwe ni mbaya. Nisamehe. Na chagua gari ambalo kiti cha nyuma kinaweza kulaliwa.

Mama Kanini


Kathonzweni,
10 Machi 2024

Kwa Mama Kathini,

Gari nimelinunua. Nilifika kwa Gachanja mapema nikaweka mkono juu ya boneti, lilikuwa baridi. Liliwaka bila kukohoa. Mazulia niliyainua mpaka akaniuliza kama natafuta dhahabu. Kwenye mchanga magurudumu yote yalivuta, hakuna la kusindikiza. Mlango mmoja unafunguka kwa kubembelezwa, na rangi imepauka upande wa dereva. Mengine ni sawa.

Kiti cha nyuma kinalala chote kikawa kama kitanda. Kinafaa sana kwa magunia.

Kabla mvua haijashika tutakuja tukusalimu, mimi na Nzilani. Yeye yuko shambani sana siku hizi. Anakupenda, ameniambia niandike hivyo.

Ushauri wako umenisaidia kuliko unavyojua, mama.

Mkweo,
Musyimi


Kanyangi, Kitui
18 Machi 2024

Baba Kanini,

Hongera kwa gari. Nimewatangazia kina mama wa kanisa nikajifanya ninataja tu kwa kupita.

Lakini moyo wangu umekasirika na nitausema. Nikipiga simu, Kanini ndiye anapokea. Mama yuko shambani. Mama anaoga. Mama ameenda mjini Wote. Siku moja nilisikia mtu anapumua pale karibu na simu nikajua ni Nzilani, nikamwita, naye hakuitika. Mimi nilimzaa, pumzi yake naijua. Tangu mwanzo wa mwaka ni hivyo. Je, gari limeingia akilini hata kabla halijaingia uwanjani? Kama nimemkosea aniambie. Kama ni kiburi, mwambie mama yake bado ana fimbo.

Mkija, fuata utaratibu. Mimi ni mzee na sitabadilika wiki hii. Simamisha gari pale mbali, penye mti wa mkakaya. Nzilani ashuke kwanza aje akiniita, ili nijue mmekuja na nijiweke sawa, nawe upite upande wa nyumba ya mzee. Ukija peke yako kwa shughuli yoyote, acha ulicholeta mlangoni uende kwa amani, kwa sababu nitakuwa nimeingia ghalani na sitatoka hata ukipiga honi mpaka betri iishe. Usichukie. Ndivyo ninavyojua kukuheshimu.

Kathini


Kanyangi, Kitui
5 Aprili 2024

Baba Kanini,

Leo naandika nikiwa na furaha hata nimesahau nilikuwa nimewanunia.

Jana nilikuwa nachambua kunde nikasikia ngurumo ya gari. Nikachungulia. Nikaona limesimama pale penye mkakaya kama nilivyosema, jeupe, refu, limejaa vumbi. Nikangoja Nzilani ashuke. Ukashuka wewe peke yako. Basi nikaacha kunde zikamwagika, nikakimbilia ghalani kama msichana, na simu yenyewe ilikuwa dukani inachajiwa, singeweza hata kumpigia Nzilani nimuulize kwa nini amekutuma peke yako.

Nilikuona kupitia ufa. Ulipiga hodi ukiwa mbali, ukangoja, ukapiga tena. Ukatazama kibanda cha kuku kana kwamba mama mkwe wako hulala humo. Nilikuwa nimeziba mdomo na leso nisicheke kwa sauti. Ukarudi kwenye gari ukainamia dirisha la nyuma, nikajua unatoa mzigo. Ukaja ukaweka sukari na blanketi mlangoni, ukaangalia mawingu ya upande wa Machakos, ukaondoka. Ulifanya vizuri kuharakisha, kwa maana jioni ile watu walisema Athi imejaa na haivukiki.

Nimelala na hilo blanketi. Ni laini sana. Mwambie Nzilani nimemsamehe mambo ya simu, lakini asiponiletea uso wake mto ukipungua, nitakuja kumchapa mbele ya binti yake.

Gari ni zuri, mwanangu. Hata mzee angelizunguka akiligonga gonga magurudumu.

Kathini


Kathonzweni,
11 Aprili

Baba Kanini,

Umenisomea barua ya mama halafu ukatoka nje. Umekaa huko muda. Rudi ndani usome hii.

Nilicheka, uliniona. Ni kweli nilicheka. Mama yangu kukimbia na kuacha kunde, hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeinua kichwa kidogo, na leso yake ya njano ikaingia ghalani na mlango ukajifunga. Nilijaribu kuita. Unajua kilichotoka. Ndipo nikagonga dirisha kwa pete. Wewe ukaja ukainama, ukaona machozi, ukadhani ni maumivu. Nilikuonyesha ghala kwa kidole, nawe ukadhani naonyesha mawingu. Ukanifunika shuka vizuri, blanketi langu ukamwachia mama. Daftari lilikuwa kiti cha mbele.

Nilipolipata nikakuandikia kwamba mama yuko ghalani, tulikuwa tumevuka, na maji yakawa yanakuja nyuma yetu. Uligeuza gari ukalirudisha mpaka ukingoni, ukaingiza magurudumu ya mbele. Ulitoka kwenye maji kwa sababu yangu. Sikulaumu. Hata kidogo.

Lakini usimwambie. Ahadi. Mwache ajue ulikuja peke yako na mlango ukafungwa na yeye akacheka. Mto ukipungua tutarudi, na safari hii utanibeba mgongoni mpaka mlango wa ghala, nthoni itangoja nje. Na kama hautapungua mapema, asijue kamwe. Nataka abaki na hicho kicheko.

Mama Kanini


Kanyangi, Kitui
22 Mei 2024

Musyimi,

Nimekaa siku nyingi tangu mazishi nikijizuia kuandika. Sasa nimeshindwa kujizuia.

Niliitwa kuzika. Sikuitwa kuuguza. Watu wote pale kwenu walijua. Majirani walijua, kina mama wa kanisa lenu walikuwa wanampikia uji, mpaka mtu wa dukani ananiambia pole mama, ameteseka muda mrefu. Muda mrefu. Mimi nilikuwa huku nikimwita mwenye kiburi. Nilimtishia fimbo mtoto ambaye hawezi kumeza maji.

Nasikia alikataza nisiambiwe kwa ajili ya presha yangu. Hilo nalielewa, ni yeye kabisa. Lakini wewe ni mwanamume, na ulikuwa na gari. Uliniuliza mimi kama ulinunue, nikakufundisha jinsi ya kulichagua. Lilivuka mchanga, nililiona kwa macho yangu. Ukavuka nalo mpaka nyumbani kwangu kuniletea sukari na blanketi, na mtoto wangu ukamwacha amelala Kathonzweni. Ulishindwaje kumweka ndani ya hilo gari? Ulikuwa na kiti kinacholala, uliniandikia mwenyewe kwamba kinafaa kwa magunia.

Kaburini ulisimama upande ule, mimi upande huu, uso wako sikuutazama. Wakati huo ilikuwa ni heshima. Sasa sijui ni nini.

Blanketi nimelikunja. Silitumii.

Kathini


Kathonzweni,
30 Mei 2024

Kwa Mama Kathini,

Nimepokea barua yako. Kila neno ulilosema una haki nalo.

Nilipaswa kumleta ukamwona na sikufanya ipasavyo. Sina la kujitetea. Kama kuna faini ya ukoo niko tayari, na kama hutaki niandike tena, nitaelewa pia.

Nataka ujue tu kwamba alikutaja mpaka mwisho. Alikuwa ananionyesha kwa mkono, hivi, anafunga leso kichwani, nami najua anamaanisha wewe. Alifariki asubuhi, Kanini akiwa amemshika miguu. Hakuonekana kuogopa.

Gari nitamrudishia Gachanja. Alinipigia akasema nimwambie bei. Siwezi kulitazama pale uwanjani. Kanini naye hukaa humo peke yake baada ya shule, kwenye kile kiti, anafunga milango.

Mito imepungua sasa. Nilipita juzi, Athi imekuwa ya kukanyaga.

Nisamehe, mama.

Musyimi


Kanyangi, Kitui
17 Juni 2024

Mwanangu,

Jumamosi nilienda sokoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ndila alikuja kunipa pole, yule mama anayeuza chai pale watu wanapovukia mto. Akanishika mkono akasema, mama, angalau Mungu alikupa siku ile ukamwona. Nikamuuliza siku gani. Akasema ile siku gari jeupe lilikuja kutoka ng'ambo, dereva akaomba maji ya vuguvugu kwa ajili ya mgonjwa. Yeye mwenyewe Ndila aliyapeleka kwenye dirisha la nyuma. Akamkuta Nzilani amelala chali na blanketi miguuni, Nzilani akatabasamu, akamshika kidole. Ndila anamjua tangu akiwa mdogo. Akasema waliporudi, gari lilikuwa limevuka salama, halafu likageuka na kuingia tena majini, watu wote wakapiga kelele kwamba huyo dereva ana wazimu.

Niliketi chini pale pale kwenye vumbi. Hapana, presha haikuniangusha. Niliketi tu.

Kwa hiyo alikuwa ndani. Nilimwangalia mtoto wangu kupitia ufa wa ghala bila kujua ninamwangalia. Ulipoinamia dirisha, nami nikasema anatoa mzigo, ulikuwa unaongea naye. Na mimi nilikuwa humo na leso mdomoni, nacheka. Halafu nikakuandikia barua nzima ya kukusimulia nilivyocheka, na najua ulimsomea, maana wewe si mtu wa kuficha barua ya mama. Nimelia mpaka nimechoka, na nikiamka naanza tena. Sitakuficha hilo, tumefichana vya kutosha.

Nilikulaumu, nawe ukainamisha kichwa ukabeba. Sikufanya ipasavyo, uliandika. Hukusema, mama, nilimleta mpaka uwanjani kwako, wewe ndiye uliyejificha. Mtu mwingine yeyote angesema. Najua ni yeye aliyekukataza, na najua ilikuchoma kunyamaza. Mimi ndiye niliyeweka ile sheria, Nzilani ashuke kwanza. Uliifuata kwa sababu ulinipenda. Mimi nami niliifuata kwa sababu nilikupenda. Tukamwacha katikati. Nasema hivi nikiwa nakosa mtu wa kumlaumu, na ningefurahi sana kumpata mmoja.

Blanketi nimelikunjua. Sasa najua lilikuwa la nani. Nanusa pindo moja, lile la upande wa miguu, kuna harufu ya yale mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka tangu akiwa msichana.

Usimrudishie Gachanja gari. Usiuze hata akikupa la mtoto wa rais. Hizo kilomita zilizo kwenye mita, za kuja huku na kurudi, ndizo safari ya mwisho ya Nzilani kwa mama yake. Ulifanya vizuri kukataa mita irudishwe nyuma. Mwache Kanini akae humo.

Nataka unichukue. Nikakae karibu na kaburi kidogo, nikamsuke Kanini nywele, nikapike jikoni kwa mwanangu. Pasta akisikia atafikiri ni mahubiri yake, mwache afikiri hivyo. Njoo Jumamosi mchana. Usisimame penye mkakaya. Lete gari mpaka mlango wa ghala. Nitaketi kiti cha nyuma, pale alipolala, na mwavuli nitauacha nyumbani. Kile kioo cha ndani kiache kilivyo, usikigeuze. Ukitaka kuniona nalia, niangalie, nami nitakuangalia.

Hakuna wa kushuka kwanza sasa. Shuka tu wewe. Nitakuwa nimesimama uwanjani.

Mama yako,
Kathini